Timu Inayojifunga

Hamed alikuwa na ugonjwa wa vitu vya zamani, na mashine ile ya gemu aliitoa Mombasa, akaipitisha mpakani Horohoro ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Mchezo wake ulikuwa wa magongo juu ya barafu: vijitu vya mraba mraba vinateleza, vinapigana vikumbo, vinafukuzia kisahani cheusi. Barafu yenyewe yeye na dada yake Ghanima walikuwa wameiona kwenye friji tu, lakini walivyougombea mchezo ule ungedhani wamezaliwa juu yake. Hamed hakuwahi kumwachia dada yake ushindi hata siku moja.

Kisha akamchongea kwa baba yao. Alisema Ghanima anataka kuolewa na Luka, kijana wa Kilutheri wa pale Usagara, na mambo yakafia hapo hapo. Luka akaoa kwingine. Ghanima akamnunia kaka yake mpaka homa ikaja kumchukua Hamed. Siku ya maziko, jeneza lilipowekwa barazani na watu wakaombwa wamsamehe marehemu, wanawake wote ndani waliitikia kwamba wamemsamehe. Ghanima alibana mdomo. Ukaidi mwingine, jamani, hata mbele ya maiti haushuki.

Tangu hapo mashine ikawa inajiwasha kila siku baada ya alasiri. Ghanima akiketi upande wake, upande wa Hamed nao unacheza, kishikio kikijipinda bila mkono wa mtu. Kilichomtisha zaidi ni kwamba timu ya Hamed ilikuwa ikijifunga. Kipa anatoka golini, anakaa kando, na kisahani kinasukumwa ndani taratibu.

Mama yao, Bi Huwaida, alichungulia mlangoni, akaelewa.

"Anakuomba radhi, mwanangu. Hajatulia huko aliko. Sema umemsamehe, nduguyo apumzike."

"Nikisema, ataondoka?"

"Ndilo tunalomwombea."

Bi Huwaida akaenda kutia udhu huku akilia. Ghanima akabaki peke yake. Hasira hakuwa nayo tena, ilikwisha kitambo, pengine siku ile ile ya maziko. Aliweka kiganja juu ya kishikio cha kaka yake, akakikuta cha baridi, kinatetemeka. Alimpenda mno kaka yake, na nyumba bila yeye hakuiweza.

"Sijakusamehe bado, Hamed," alisema, akabonyeza kitufe cha kuanza upya.