Mbalaga Zinapoa

"Mama, panda twende! Mbalaga zako zinapoa!"

Kijana wa bodaboda alipaza sauti pale kijiweni Kiwira, na wenzake walioegemea pikipiki zao wakaangua kicheko. Mwanamke aliyeitwa alikuwa na mkungu wa ndizi za kupikia mbalaga kichwani. Alisimama ghafla kama mtu aliyekanyaga mwiba, akautua mkungu kando ya barabara, akamgeukia.

"Umesemaje, baba?"

"Utani tu, mama. Mbalaga zinapoa. Yaani changamka, unachelewa."

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Si ya lile igizo la gulioni! Mwenyewe huyo hapo." Kijana akanyoosha kidole, kwa furaha kabisa, kumwelekea Ndimyake aliyekuwa akinunua chumvi kwenye kibanda cha jirani. "Mama msanii, hebu mwonjeshe mwenzio unavyolia!"

Ndimyake alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenye ndizi alikuwa Imakulata, Mama Lwitiko, jirani yake wa Nkunga, ambaye hakuwahi kuliona igizo lile kwa sababu tangu msiba wake hakuwa mtu wa kukaa gulioni. Imakulata alimtazama. Alijitwika ndizi zake akashika njia kwa miguu, na mvua ya Rungwe, isiyomngoja mtu afike kwake, ikaanza.

Kikundi chao kiliigiza siku za gulio, kikiwaonya watu juu ya mwendo kasi. Ndimyake, ambaye siku nyingine zote alikuwa mchuma chai, alipewa nafasi ya mama anayemsubiri mwanawe mwenye pikipiki, mwana ambaye hatarudi. Sauti alikuwa nayo, mwendo alikuwa nao, ila kilio kilimshinda. Alijipaka kitunguu, machozi yakatiririka, na watu wakaendelea kutafuna mihogo yao.

"Mama, watu wa gulio hawadanganyiki," Ackson, kiongozi wa kikundi, alimwambia. "Kilio chako kinanuka kitunguu."

Basi siku moja pale Kiwira, akiwa amepiga magoti na sahani mapajani, maneno yakamtoka: "Amka, mwanangu, amka. Mbalaga zako zinapoa." Gulio likanyamaza. Muuza nyanya mmoja alijifunika uso kwa kanga. Ndimyake mwenyewe alisisimka, akajua kwamba amepata, na papo hapo akajua amepata wapi.

Aliyapata kwenye mkeka wa matanga. Lwitiko, mtoto pekee wa Imakulata, alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Mbeya. Mchana Imakulata alilia kama wanavyolia wote, kwa sauti, mbele za watu. Lakini alfajiri, waombolezaji wakiwa wamepitiwa na usingizi, alimwegemea Ndimyake aliyekuwa amemshika kiuno, akayasema yale sikioni mwake, polepole, kama mama anayemwamsha kijana aliyelala kupita kiasi. Hakuna mwingine aliyesikia. Hayakuwa maneno ya kusikiwa na watu.

Tusimwonee Ndimyake: mara ya kwanza hakupanga. Lakini mara ya pili alipanga, na ya tatu akayatafutia mahali pazuri zaidi pa kuvutia pumzi. Sifa ni tamu, hasa kwa mtu anayerudi kwenye nyumba isiyo na wa kumwuliza ameshindaje. Mumewe alikuwa kaburini, na binti yake Tulia, aliyeolewa Chunya, alipiga simu pale alipokumbuka. Sasa watu asiowajua walimwita mama yetu. Kumbe huku nyuma maneno yalikuwa yanatembea. Anayechelewa kanisani, mbalaga zinapoa. Mchezaji anayezubaa na mpira, mbalaga zinapoa. Yakawa msemo, na msemo haumwulizi mtu ruhusa ya kupita mlangoni kwake.

Kati ya nyumba zao mbili palikuwa na pengo kwenye ua wa miti. Kila asubuhi Imakulata alichungulia hapo: "Mwagonile, Mama Tulia!" Kaa la moto lilipita pengoni, chumvi ilipita, umbea ulipita. Siku iliyofuata tukio la Kiwira, Ndimyake alikuta pengo limezibwa kwa majani makavu ya mgomba, yamefungwa vizuri kwa kamba. Akazunguka hadi mlango wa mbele.

"Hodi, Mama Lwitiko."

Imakulata alitoka akasimama kizingitini. Hakusema karibu.

"Nimekuja kuomba msamaha. Kwa yale maneno."

"Jembe langu ukiliazima unalirudisha," Imakulata alisema. "Hata mpini ukivunjika, unaniletea chuma changu. Haya utanirudishiaje, Mama Tulia? Kila nikipita njia wananitupia usoni, tena wanacheka. Mbalaga zenyewe nimeacha kupika. Nakula ugali mimi, Mnyakyusa mzima."

"Nisamehe, mwenzangu. Mdomo ulinishinda."

"Nilikwambia wewe. Sikuwaambia watu."

Mlango ukafungwa bila kishindo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angefurahi kama ungebamizwa.

Kikundi kilikuwa kinajiandaa kwenda kuonyesha igizo Tukuyu mjini, mbele ya wageni kutoka Dodoma waliokuwa wakitafuta vikundi vya kuzunguka navyo nchi nzima. Ndimyake alimfuata Ackson akiwa anafunga ngoma kwenye toroli.

"Mwanangu, ile sehemu ya mbalaga tuitoe."

Ackson alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Tuitoe? Mama, hiyo ndiyo igizo lenyewe. Watu wanakuja kwa ajili yake."

"Maneno si yangu."

"Ni ya nani?"

Kumtaja mwenyewe ilikuwa kumwibia mara ya pili.

"Sanaa haina mwenyewe, mama," Ackson alisema kwa upole, maana alikuwa kijana mwema. "Tunachukua kwa watu, tunawarudishia watu."

"Mwingine hakutoa. Alichukuliwa."

"Basi kesho tutaona," alisema Ackson, na akaendelea kukaza kamba.

Uwanja wa Tukuyu ulijaa hadi watoto wakapanda ukutani. Igizo lilikwenda vizuri, wageni wakatikisa vichwa kwa kukubali. Ikafika zamu ya mama. Ndimyake alipiga magoti, sahani mapajani, akauinua uso. Watu wakanyamaza wakimngoja. Alikuwa ameamua tangu nyumbani, na alishika uamuzi wake: alikaa kimya. Alihesabu kimya hicho kuwa deni lake dogo la kwanza kulilipa.

Ndipo sauti moja ya kiume ikatoka nyuma kabisa, kwa utani: "Mbalaga zako!"

Na uwanja mzima, wakubwa kwa wadogo, ukaitikia: "Zinapoa!"

Wakacheka, wakapiga makofi, wakarudia. Ndimyake akainamisha kichwa juu ya sahani tupu akalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu wala ufundi. Wakampigia makofi kwa hilo pia.

"Umetisha, mama!" Ackson alimrukia nyuma ya pazia. "Ulijuaje kuwaachia wao waseme? Wageni wametuchukua! Tunazunguka nchi!"

Ndimyake alivua kanga ya maigizo, akaikunja, akampa.

"Mtafute mama mwingine, mwanangu."

"Leo? Kwa nini?"

"Maneno mnayo tayari. Mimi mnanihitajia nini?"

Aliondoka huku wenzake wakiimba. Njia nzima hakuna aliyemsemesha, ila mtoto mmoja wa shule aliyemtambua akampungia mkono na kumpigia kelele maneno yaleyale. Naye akampungia, angefanyaje.

Jua lilikuwa bado juu alipofika Nkunga. Aliwasha moto, akamenya ndizi, akazipika na nyama kidogo, kwa namna Imakulata alivyozipenda, ziive hadi zilainike. Hakujua kama anapeleka toba au anaongeza tusi. Alijua tu kwamba mtu hawezi kula ugali wa huzuni maisha yake yote kwa sababu ya jirani yake. Akaifunga sufuria kwa kitenge, akazunguka hadi mlango wa mbele.

"Hodi, Mama Lwitiko."

Ndani, chakarachakara ya ufagio ikakoma.

"Ni mimi. Nimekuletea chakula."

Ndimyake alitaka kuongeza neno, lile ambalo kila mtu wa huku hulisema akiwa na sufuria mlangoni na mwenye nyumba akichelewa kufungua. Lilimfika ulimini. Akalimeza. Akatafuta jingine, hakulipata, kwa kuwa jingine halipo.

Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani, tayari ulikuwa umeuficha ua na pengo lake. Ndimyake alikaa kwenye kizingiti, akaiweka sufuria mapajani, akaizungushia kitenge mara ya pili. Nyuma yake nyayo zilisogea hadi mlangoni zikasimama. Hakugeuka. Aliikumbatia sufuria kwa mikono yote miwili, kifuani, isipoe.