Mkwe Aliyekaa Kivukoni

Getenga ni kisiwa, lakini usifikirie bahari. Ni kipande cha ardhi katikati ya mto Mara, pale maji yanapogawanyika halafu yanakutana tena huko chini. Upande mmoja ukivuka unashika njia ya Busawe. Upande wa pili ukipanda unafika Gorong'a. Kiangazi unavuka kwa miguu, maji ya magoti. Masika unapanda mtumbwi na kuomba Mungu.

Tulikuwa nyumba kumi tu, na balozi wetu alikuwa Bibi Wegesa, mama yake mama yangu. Nilikaa naye tangu nilipoanza shule ili nimchotee maji. Mambo ya Getenga tulikuwa tunayaamua wenyewe. Watu wanakaa nje ya ghala la Bibi, kila nyumba inasema, mpaka wanakubaliana. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kutupangia tulime nini au nani aoe wapi.

Lakini ng'ambo, upande wa njia ya Busawe, kulikuwa na Kebosongo, kijiji cha ujamaa, kikubwa kweli. Shule iko kwao, zahanati kwao, duka kwao, mashine ya kusaga kwao. Sisi tulikuwa na udongo mweusi na nyasi nzuri za kuezekea, basi. Kwa hiyo Bibi aliishi nao kwa akili. Kebosongo wakifiwa, watu wa Getenga ndio wa kwanza kufika na kuni. Ng'ombe wao wakivuka na kula mtama wetu, hatukuwapiga. Bibi alikuwa anasema, "Ukikaa jirani na dume usimpige fimbo, mkune shingo." Watu wa Gorong'a nao walikuja siku moja na mbuzi, wakataka tuwe upande wao. Bibi akawapikia, wakala, wakarudi na mbuzi wao.

Sasa tatizo liko hapa. Mwenyekiti wa Kebosongo alikuwa Mzee Heche, na Mzee Heche ni baba yangu. Maana yake Bibi Wegesa ni mkwe wake. Kwetu Wakurya mwanaume haangaliani na mama mkwe. Akimwona njiani anaingia porini mpaka mama apite. Hamtaji jina, hampi mkono, haingii nyumbani kwake. Kwa hiyo balozi wa Getenga na mwenyekiti wa Kebosongo hawakuwahi kuongea hata neno moja. Mama yangu alikataa kuwa katikati. Alisema, "Huyu ni mume wangu, yule ni mama yangu. Mimi sibebi moto kwa mikono." Nikabaki mimi. Asubuhi nikienda shule nabeba maneno ya Bibi, jioni nikirudi nabeba ya baba. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiniuliza kitu machozi yanakuja kwanza, jibu baadaye. Lakini maneno ya watu wawili unaowapenda siyo mazito sana.

Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni. Watu wote wahamie vijijini. Wakaja watu wa operesheni na mkubwa wao, Bwana Maftah, mtu wa pwani, mwembamba, viatu vyake vinang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Akamwambia baba kwamba Getenga lazima ivunjwe wiki ile ile. Mapaa yashushwe, watu wapewe viwanja kando ya barabara.

Baba akanituma jioni. "Mwambie bibi yako wafungashe vitu. Mambo haya siyo yangu."

Nilimwambia Bibi. Alikuwa anapepeta ulezi, sisi tunauita wimbi. Hakuacha kupepeta.

"Mtama wetu bado wiki ngapi?" akaniuliza.

"Bado kidogo, Bibi. Umeanza kuwa mwekundu."

"Na baba yako ndiye atakayetangulia mbele?"

"Ndiyo. Mwenyekiti ndiye anaongoza mgambo."

"Haya," akasema, na akaendelea na wimbi lake. Mimi nilijua siku hiyo nyumba ya Bibi itavunjwa na mkono wa baba yangu.

Siku yenyewe shule ilifungwa ili watu wakasaidie kubeba vitu. Nilikuwa ng'ambo ya Kebosongo, nimeshikishwa viatu vya Bwana Maftah kwa sababu alikunja suruali avuke. Baba akatangulia majini na kofia yake kubwa. Nyuma yake mgambo, vijana wa kijijini, wana kamba na mapanga. Bwana Maftah akafuata akikanyaga mawe kama anakanyaga mayai.

Walipofika katikati ya mto baba akasimama.

Pale njia inapotoka majini kuingia Getenga, Bibi Wegesa alikuwa amekaa chini katikati ya njia kabisa, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, anapukuchua kunde. Jua kali, kichwani hana hata kitambaa. Kushoto matete, kulia matete, na kwenye matete ya pale ni mamba. Hakuna pengine pa kupita.

Baba akashusha kofia ikafunika uso. Akageuka. Akaanza kurudi. Mgambo wakamwona anarudi, wakaangalia mbele, wakamwona Bibi, na wao wakageuka wote. Wakampita Bwana Maftah huku na huku kama maji yanavyopita jiwe, akabaki peke yake katikati ya mto.

"Mwenyekiti! Kuna mamba?"

"Hapana," baba akajibu bila kugeuka.

"Sasa kuna nini?"

Baba akaendelea kutembea. Jina hawezi kulitaja. Mseti, mmoja wa mgambo, akaanza kucheka chini chini. "Bora hata ingekuwa mamba, mkubwa."

"Nyie watu mna wazimu? Wewe binti! Kuna nini pale?"

Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Sema!"

"Shikamoo. Ni mkwe wake."

"Nani? Yule bibi wa kunde?"

"Ndiyo. Hawezi kumpita. Wakiangaliana ni aibu kubwa, mpaka wazee wakae."

Bwana Maftah akamwangalia Bibi, akamwangalia baba, akashika kiuno. "Ya rabi! Kwetu mkwe ukienda anakuchinjia kuku!"

"Kwetu na sisi anachinja," Mseti akasema, "ila unakula ukiwa nyumba nyingine."

Watu wakacheka. Bwana Maftah hakucheka. Akaniita nivuke naye, nikamtafsirie. Nikavuka, viatu vyake bado viko kwapani mwangu.

Bibi alimkaribisha vizuri, akamsogezea jiwe akae. Hakusimama. Bwana Maftah akamwambia serikali imesema watu wote wakae vijijini. Nikatafsiri.

"Mwambie sisi tuko kijijini," Bibi akajibu kwa Kikurya. "Mto ndio unapita uani kwetu."

"Anasema nini?"

Nikamwambia. Akapangusa jasho. "Mwambie asinifanyie mchezo. Kijiji ni shule, ni maji, ni watu pamoja."

"Muulize ile shule iliezekwa na nyasi za wapi. Muulize alipokufa mwalimu wao mkuu, nani alichimba kaburi. Na wanaokula mtama wetu ni ng'ombe wa wapi, na kama wamewahi kurudi na alama ya fimbo. Kama huko siyo kukaa pamoja, basi sijui pamoja ni nini."

Nilitafsiri yote. Bwana Maftah akaokota kunde moja akaitafuna mbichi, akatema.

"Haya. Huyo mwenyekiti anasemaje? Yeye ndiye anajua kama hawa ni watu wake au siyo."

"Mimi siwezi kumuuliza," Bibi akasema. "Mtume huyu."

Nikarudi majini. Baba alikuwa amefika ukingoni, ametupa mgongo, mgambo wote wamemzunguka. Nilijua anachoogopa. Akisema sisi ni watu wa kijiji, atakuwa ameipinga operesheni mbele ya mkubwa. Akisema siyo, kamba zitavuka.

"Tata," nikamwita, hivyo ndivyo tunavyowaita baba zetu, "anauliza wewe unasemaje. Sisi ni wa kijiji au siyo?"

Akavua kofia, akaikung'uta.

"Mwambie Getenga ni ya Kebosongo," akasema. "Ni nyumba zangu kumi. Mtu havunji nyumba zake mwenyewe. Watoto wote waje shule. Siku ya shamba la kijiji na wao waje. Mto ukijaa tutawapokea huku. Mambo yao mengine wayaamue wenyewe, kama zamani. Na mimi ndiye nimesema."

Nikageuka nirudi, lakini Bwana Maftah akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Sema kutoka hapo hapo! Nimechoka na huu mto!"

Maji yalikuwa yananguruma. Ilibidi nipige kelele. Nilipiga kelele Kiswahili, kisha Kikurya ili na Bibi asikie, na mpaka nilipofika kwenye "kama zamani" nilikuwa sioni mtu yeyote kwa machozi. Lakini niliyamaliza yote.

Bibi akaacha kupukuchua. Akasema kitu, ila mto ulikula maneno yake. Akainua ungo wa kunde juu kidogo, akaushusha. Bwana Maftah akatikisa kichwa, akaanza kuvuka kurudi.

"Mtavuna kwanza," akamwambia baba alipofika. "Masika nitakuja kuona kama kweli mnapokeana." Akachukua viatu vyake. "Na wewe binti, sauti unayo. Sijui ulikuwa umeificha wapi."

Masika akaja kweli. Akakuta watoto wa Getenga wamelala kwenye darasa la Kebosongo na mama zao wanapikia kwa watu. Akaondoka bila neno, na mapaa yetu hayakuguswa.

Baba ndiye aliyelipa. Mwaka uliofuata hawakumpa tena uenyekiti. Kwenye pombe walimwita mwenyekiti aliyekimbizwa na kunde, na mpaka leo wengine wanamwita. Yeye anacheka nao. Sijawahi kumsikia analalamika.

Mimi nilitaka kumshukuru siku nyingi, nikawa sijui nianzie wapi. Angeweza kufunga macho akapita. Wako waliofanya hivyo sehemu nyingine, tulisikia. Siku moja tukiwa wawili, yeye anasuka kamba ya ndama, nikasema haraka haraka kabla sauti haijakauka, "Tata, asante kwa kugeuka."

Aliendelea kusuka.

"Siku ile alikuwa amekaa juani?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kichwani alikuwa na kitu? Mimi sikuangalia."

"Hakuwa na kitu, Tata."

Akavuta kamba ikakaza. "Mwambie siku nyingine akae kivulini. Nitageuka tu."