Jogoo Ndani ya Boti ya Clete

Clete Mattingly aliingia dukani kwa Boyce Hagan kwa mara ya tatu wiki ile, akasimama mbele ya rafu ileile, akazitazama mashine zilezile za kuonea samaki. Mtu aliyezaliwa ukingoni mwa Mto Green, akavua kambare tangu hajaota ndevu, hahitaji wiki nzima kuchagua kidude cha kufunga kwenye boti ya bati. Boyce alilijua hilo vizuri. Alikuwa nyuma ya kaunta akihamisha minyoo ya chambo kutoka ndoo moja kwenda nyingine, na wala hakuinua kichwa.

"Haziumi," alisema. "Unaweza kuzigusa."

"Naangalia tu."

"Unaangalia tangu Jumatatu. Mke wangu hakuniangalia hivyo hata siku niliyomposa."

Clete akaichukua ile ndogo. Ilikuwa mashine ya kawaida: inapeleka mlio chini ya maji, mlio ukigonga kitu unarudi, na kwenye kioo kinatokea kijisamaki cha kuchorwa kama cha katuni, na pembeni yake kina cha maji. Samaki yupo au hayupo, basi. Ya zamani ilipasuka kioo kwa baridi, na Ijumaa Kuu ilikuwa inakaribia.

"Hii inanitosha," alisema.

"Hiyo ni ya mtu anayevua kwenye bwawa la shemeji yake. Wewe unalisha parokia nzima Kwaresima yote hii." Boyce akaja, akafuta mikono kwenye suruali, akaiwasha ile kubwa. Kioo kikaonyesha picha ya majaribio: sakafu ya mto, kushoto na kulia, mawe, magogo, na kivuli cha kila gogo. "Hii haikuchorei samaki. Inakuonyesha kilichopo. Dada yangu alipopigwa picha ya mimba, mtoto alionekana hivihivi, mpaka pua. Pua ya baba yake, maskini."

Clete hakucheka. "Sitaki kuona kila kitu."

"Mvuvi gani hataki kuona?"

Ulikuwa utani, lakini Boyce mwenyewe alijuta kabla hajamaliza kuusema. Mwezi wa pili, siku chache kabla ya Kwaresima, Dorsey Mattingly, mdogo wake Clete, alianguka kutoka kwenye boti chini ya daraja la reli, wakati mto umefurika na maji ni baridi ya kuua. Watu wa sherifu walimtafuta mpaka wakachoka, na hakuonekana. Clete aling'oa kamba zake zote za ndoana kutoka chini ya daraja, kwa sababu watu wa mto ule hawavui maji aliyolala mtu wao kabla hajazikwa. Akazihamishia juu, Kona ya Mierebi. Huko akapata kambare ambao hajawahi kuwapata maishani, wanene, wengi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Padri aliwashukuru kambare hao hadharani, watu wakacheka kanisani.

"Nifungie hii ndogo," Clete akasema.

Boyce hakusogea. "Mama yako amepiga simu asubuhi. Amesema uchukue kubwa, uijaribu, ukiikataa urudishe."

"Mama anajua nini habari za mashine?"

"Hakuuliza kama inaona samaki, Clete. Aliuliza kama inaona mtu."

Mama Oma alikuwa mezani jikoni, mrija wa hewa puani, sahani ya maharage na mkate wa mahindi mbele yake. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari hakumficha. Tangu Kwaresima ianze hakuwa ameonja samaki hata kipande. Ijumaa watu wote walipokula kambare kwenye ukumbi wa parokia, yeye alikaa nyumbani akajichemshia mayai. Clete aliona ni uchungu wa kufiwa. Mbwa wa Dorsey, Biskuti, alikuwa amejilaza mbele ya friza ambamo Clete alihifadhi kambare wake, pua yake imegusa mlango. Alikuwa analala pale tangu mwezi wa pili, na watu wa nyumbani walisema anapenda ubaridi.

"Umeichukua?" mama aliuliza.

"Iko kwenye gari."

"Basi kesho ukamtafute mdogo wako."

"Mama, alitafutwa. Na mashine zao ni kubwa kuliko hii."

"Walitafuta wapi?"

"Chini ya daraja, mpaka kwenye malango ya bwawa. Kila gogo."

"Na siku ile mto ulikuwa unakwenda wapi?"

Clete akaitazama sahani ya mama. Mto Green unaingia kwenye Mto Ohio, na Ohio ukifurika unausukuma ule mdogo urudi ulikotoka. Kwa siku kadhaa vijiti na mapovu hupita gatini vikipanda juu, na watoto wa pale wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Siku aliyozama Dorsey, Ohio ulikuwa umeshaingia mashambani. Watu wa sherifu walikuwa wageni wa mto ule. Clete hakuwa mgeni, na ndiye aliyekaa mbele kwenye boti yao akiwaelekeza kwa kidole washuke chini.

"Sijui, Mama," alisema.

"Pale makaburini nina nafasi mbili, yangu na yake. Sitaki nitangulie nikalale peke yangu namngoja mtoto asiyekuja." Akavuta pumzi, ikakataa, akavuta tena. "Na umchukue Askofu."

Askofu alikuwa jogoo wake, mkubwa, mwekundu, mwenye kiburi kilichompatia jina.

"Mama, siwezi kuzunguka mtoni na jogoo. Watanicheka mpaka nife."

"Wacheke. Babu yako alipatikana hivyo. Jogoo akipitishwa juu ya aliyezama, anawika. Hiyo mashine yako inawika?"

Siku ya pili yake jua lilikuwa kali, na maji yametulia. Clete akafunga ile mashine kubwa, akatumbukiza kidude chake cha mlio majini, akaweka kizimba cha Askofu mbele na kukifunika kwa koti ili watu wa gatini wasimwone. Askofu akalala.

Akaanza kutafuta chini ya daraja. Tuseme ukweli: alianza pale kwa kuwa alijua hakuna kitu. Mashine ilifanya kazi vizuri kuliko alivyotaka. Matairi yalipita kwenye kioo, likapita friji, likapita gari bila milango, kila kimoja na kivuli chake cheusi pembeni. Juu maji yalikuwa matupu, na chini kumejaa vitu ambavyo amekuwa akipita juu yake maisha yake yote.

Karibu na nguzo ya daraja akaona kitu kwenye ukingo wa kushoto wa kioo. Kilikuwa kirefu, chembamba, na kivuli chake kilikuwa na mabega. Akageuza boti akapita tena palepale. Ulikuwa mchanga mtupu.

"Gogo," akasema kwa sauti, ili asikie mtu anasema. "Limesogea."

Gogo lililozama halisogei, na hilo hakuhitaji kuambiwa. Alipoinua macho, daraja lilikuwa nyuma yake na boti inaelekea juu. Hakukumbuka kuigeuza.

Kitu kile kikatokea tena, ukingo uleule, mbele kidogo. Alipopunguza mwendo, nacho kikapunguza. Alipoongeza, nacho kikaongeza. Kilikwenda ubavuni mwa boti kama mbwa anayemsindikiza bwana wake, na uso wa maji juu yake haukutikisika hata kidogo. Clete akachungulia majini, akaona uso wake tu.

Alitaka kuizima mashine. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe alipomkumbuka mama yake akivuta pumzi inayokataa. Akaondoa kidole. Aliogopa mchana kweupe, na bado akafuata, kona moja, halafu nyingine, njia ileile ambayo amepita kila asubuhi tangu mwezi wa pili na ndoo zake.

Kile kitu kilipotea kwenye Kona ya Mierebi, katikati ya chupa nyeupe zilizoshikilia kamba zake za ndoana. Clete akazima injini. Kioo kikajaa samaki. Vijisamaki vya katuni havikuwepo. Ilikuwa miili yenyewe, mingi kupita kiasi, imesongamana chini ya mizizi ya mti ulioanguka, na vichwa vyote vimeelekea ndani.

Koti likatikisika. Askofu akasimama kizimbani, akanyoosha shingo, akawika. Jua lilikuwa utosini, hakuna kijiji karibu, hakuna jogoo wa kumjibu. Akawika tena, akawika tena, macho yake yameganda kwenye maji.

Ndipo samaki wakaanza kupisha. Waliachana polepole, huku na huku, kama watu wanavyompisha mfiwa kanisani, na mashine ikachora walichokuwa wamekizunguka. Mtu alikuwa ameketi, mgongo kwenye mizizi, mkono mmoja umelazwa juu ya mzizi kana kwamba ni ubavu wa boti. Dorsey alikuwa anakaa hivyohivyo nyuma ya boti akimngoja kaka yake amalize kuvuta kamba.

Clete akalia. Alilia kwa huzuni, na zaidi alilia kwa aibu, kwa sababu hakuwa amegundua kitu pale, alikuwa ameishiwa tu na mahali pa kujificha. Siku ya msiba, kichwa kikiwa kimevurugika, alielekeza kidole chini bila kufikiri. Wiki ya pili alikumbuka kwamba mto ulikuwa unarudi nyuma. Lakini kufikia hapo kamba zilikuwa zimeshawekwa Kona ya Mierebi, samaki wa kwanza wameshakaangwa, na yeye mwenyewe amekula akaongezewa sahani. Tangu hapo kila alipovuta kambare mnene alijiambia ni bahati. Alitaka mashine ya vijisamaki kwa sababu ingemwambia hivyohivyo.

"Ningekufuata siku ileile," aliyaambia maji. "Siku ileile, Dorsey."

Askofu akanyamaza. Clete akampigia simu sherifu.

Walimtoa jioni ile. Hawakumruhusu mama amwone, na waliomwona hawakusimulia. Clete alipoingia jikoni, Mama Oma alikuwa mezani palepale.

"Amewika saa sita," alisema.

"Boyce amekwambia?"

"Nani aniambie? Nilimsikia."

Kutoka Kona ya Mierebi mpaka jikoni pale hata mlio wa bunduki haufiki. Clete akavuta kiti akakaa. Alifungua mdomo aseme juu ya zile kamba, mama akainua mkono.

"Najua ulikuwa unavua wapi. Najua na siku ile mto ulikwenda wapi. Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akageuka akamtazama mbwa aliyelala mbele ya friza. "Fungua hiyo. Kila kilicho cha Dorsey kikalale na Dorsey."

Ijumaa Kuu watu wa parokia walikula samaki wa dukani, wakanung'unika kwamba hawana ladha. Mazishi yakawa baada ya Pasaka. Vifurushi vyote vya friza vilikuwa miguuni mwa marehemu, Clete mwenyewe aliviweka kabla jeneza halijafungwa, na waliobeba walishangaa uzito ila hawakuuliza. Parokia yote ilikuja. Mama Oma aliketi kwenye kiti mbele ya kaburi na mtungi wake wa hewa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili uso wake ulikuwa umetulia. Clete alisimama pembeni, akajiambia kwamba deni limekwisha.

Biskuti alikuwa amekuja nyuma ya gari. Watu walitegemea atalala kaburini, kama wanavyofanya mbwa wenye mapenzi, na wanawake walikuwa wameshatayarisha vitambaa. Hakulala. Alinusa jeneza likishuka, akaliacha, akaenda kwenye mstari wa watu. Akanusa viatu vya Boyce Hagan, akaketi mbele yake kidogo, akamtazama usoni, mkia unatikisika. Akaenda kwa mke wa Boyce, akaketi. Akaenda kwa padri, ambaye alikuwa anasoma, akaketi tena. Watu wakatabasamu na machozi yao, wakasema mbwa anawashukuru waliokuja. Aliupita mstari wote hivyo, mtu kwa mtu. Mbele ya Mama Oma peke yake, ambaye hakuonja kambare wale, hakusimama; alipita mbele ya kiti chake kana kwamba hakuna aliyekaa.

Mama Oma akageuza kichwa kumfuata kwa macho mpaka mwisho wa mstari, alikosimama Clete. Biskuti hakuketi mbele yake. Alizunguka mara moja, kama alivyokuwa akifanya kila siku mbele ya friza, akajilaza juu ya viatu vyake, akabandika pua kwenye mguu wake, akafumba macho.