Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Siwema alikiinamisha kibuyu mlangoni, maziwa yakatoka chururu kama maji ya kuoshea vyombo. Yalikuwa yamelala humo tangu juzi.

"Umekioshea nini, mkamwana? Sabuni?"

"Nimekifukiza moshi, mama, kama ulivyonifundisha."

"Basi mkono wako ndio mbaya. Tangu niolewe hapa Itetemia, sijaona maziwa yakikataa kuganda."

Flavia akakaza mbeleko. Mgongoni, Raymundi alikuwa analia kwa njaa. Matiti yake mwenyewe yalikauka baada ya jipu la kifuani kupasuliwa hospitali, na mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu, Mabala. Mumewe Lugembe alikuwa kwenye kigoda, anachonga mpini. Alisikia yote. Hakuinua macho.

Flavia akaingia ndani kutafuta vijiti vingine vya kufukizia. Alipopapasa juu ya boriti, mkono ukagusa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na tyubu za penisilini, dawa ya kukamulia ndani ya chuchu ya ng'ombe: nyingine nzima, nyingine zimekamuliwa nusu, midomo yake imegandwa na maziwa makavu.

Akakumbuka. Masika yale, mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Uingereza, kiwele cha Mabala kilivimba, chuchu moja ikatoa mabonge. Lugembe akaenda kwa bwana mifugo, akarudi akisema, "Kanipa ushauri tu. Nimkande na maji ya moto." Mabala akapona haraka, wote wakashukuru.

Hakumuuliza mumewe kitu. Alifunga kitambaa, akashika njia ya zamani ya wapagazi mpaka mjini.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba, mama." Omari akazitazama tyubu, akazitupa mezani. "Nilimwambia mumeo azimalize zote! Na maziwa ya siku za dawa yamwagwe. Dawa hii inaua hata kile kinachogandisha maziwa. Mmekunywa?"

"Mtoto amekunywa," Flavia akasema.

Aliporudi, Mabala alikuwa hataki kuguswa. Kiwele kilikuwa kimewaka moto, kigumu kama jiwe, na safari hii si chuchu moja. Flavia aliyajua maumivu yale. Aliwahi kuyabeba kifuani mwake.

Kesho yake Omari akaja na tyubu mpya. Akatia, akarudi, akatia tena. Usaha ukazidi kutoka.

"Ulipoona maziwa meupe ukaacha, sivyo?" akamwuliza Lugembe.

"Alikuwa amepona, bwana! Nyingine nikaiweka akiba, na juzi chuchu nyingine zilipoanza kuvimba nikamtia kidogo. Maziwa yangemwagwaje, na nyumba ina mtoto?"

"Waliokufa ni wadudu dhaifu. Uliowaacha wameizoea dawa, wamezaana. Na kwa tyubu hiyohiyo chafu ukawahamishia chuchu nyingine. Sasa penisilini haiwafanyi kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huyu hatatoa tena maziwa ya kunywa."

Kisha Siwema akasimama, kanga ikamdondoka begani. "Babu yako alibeba pembe ya ndovu kutoka hapa mpaka pwani, hakuitua njiani! Wewe dawa isiyojaa kiganja imekushinda kuifikisha mwisho? Na mimi nikamtukana mke wako, wewe umekaa unachonga mpini!"

"Mama, sikujua…"

"Uliambiwa!" Flavia ndiye aliyepiga kelele. Raymundi akashtuka. "Hukukosa kujua, baba Raymundi. Uliambiwa, ukanyamaza. Ningejua, ningeyamwaga kwa mikono yangu, nikaenda kuomba kwa majirani mapema."



Sasa kuomba ndiyo kazi ya Siwema. Alfajiri hubeba kibuyu mpaka kwa jirani Marcelina, kule ng'ambo ya mto, na si kila siku hurudi nacho kimejaa.

Flavia naye humkanda Mabala, humkamua taratibu ili kiwele kisipasuke. Ile rojo ya manjano hamwagi shimoni. Huileta mpaka kizingitini mwa chumba cha mumewe, huimimina hapo, kisha huenda kumbembeleza mtoto.

Asubuhi moja nzi walikuwa wamekwisha kusanyika. Lugembe alisimama ndani, jembe begani, mguu mmoja ameuinua, anatafuta pa kukanyaga.