Majivu ya Watoto Wawili

Kwetu Kasongo, mama aliyezaa mapacha huitwa Mama Mapasa mpaka siku anapozikwa, na mimi ndiye huyo. Nilizaa Chimène na Déo. Ukimpa pacha mmoja kitu, lazima umpe na mwenzake, hata kama ni punje ya karanga. Na mmoja akifa, neno hilo halitamkwi: tunasema ameenda kutafuta kuni. Ukilitamka mbele ya aliyebaki, unamwita naye aondoke. Déo alienda kutafuta kuni akiwa na miaka mitatu. Alikuwa anacheza uani, akaanguka, ikawa basi.

Chimène alipofika miaka tisa, akaanza kuishiwa pumzi kwa kupanda kilima kidogo tu cha kutoka kisimani. Hospitalini Kindu walisema ni moyo, na kwamba wao hawawezi. Shemeji yangu Iliasi, anayenunua dhahabu Salamabila, akatulipia safari ya India. Habari za ndege sitazieleza, nilifumba macho toka mwanzo hadi mwisho.

Hospitalini, katika mji wa Chennai, tulisaidiwa na Papa Pitchou, mtu wa Kindu aliyekaa kule miaka mingi na anayewatafsiria wagonjwa wa kwetu. Daktari aliuliza kama kuna mtoto mwingine wa familia aliyekufa ghafla. Chimène alikuwa amekaa mapajani mwangu. Nikasema hapana. Ningesema nini? Upasuaji ukapangwa Alhamisi.

Jumanne, Vasanthi, mwenye nyumba tulimopanga chumba, akataka twende naye hekaluni amwombee mtoto. Mimi ni Mkatoliki wa kila Jumapili, nikasita. Lakini mwanamke yule alikuwa amempikia mwanangu uji siku tano bila kuombwa. Nikatae sala yake kwa uso gani? Tukaenda, pamoja na Papa Pitchou.

Tulivua viatu langoni. Mawe ya ua yalikuwa yameshika jua, nikawa narukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa, Chimène akanicheka. Juu ya lango kulijaa sanamu za kila rangi. Sikuijua hata moja, wala sikujifanya naijua. Ndani, karibu na mlingoti mrefu, kulikuwa na ubao, na Papa Pitchou akanisomea: wasio Wahindu waishie hapa. Sikukasirika. Hata kwetu kuna vichaka ambamo mgeni haingii. Vasanthi aliendelea peke yake, sisi tukakaa kwenye kivuli cha nguzo.

Alirudi baada ya saa nzima na kikaratasi cha majivu meupe. Alichukua kidogo kwa kidole, akampaka Chimène kwenye paji la uso. Nilishtuka, maana yalifanana kabisa na pemba, udongo mweupe niliopakwa mimi na wanangu siku walipotolewa nje mara ya kwanza. Nikanyoosha mkono kuomba fungu la pili.

Vasanthi aliuliza ni la nani. Nikajibu ni la pacha wake. Akafurahi sana, akauliza huyo pacha yuko wapi.

"Alienda kutafuta kuni," nikasema.

Papa Pitchou hakutafsiri. Mtu wa Maniema, jimbo letu, hahitaji kuelezwa kuni hizo. Akamwomba Vasanthi ampeleke mtoto kuona samaki kwenye bwawa la hekalu.

"Mama Mapasa, munganga ya hospitali alikuuliza. Ukasema hapana."

"Mutoto alikuwa anasikia."

"Sasa hasikii. Kama moyo ya Déo ilikuwa na ile ugonjwa, batapasua Chimène bila kujua kitu yenye iko ndani. Sema, nimupigie simu."

Nilimchukia. Miaka sita neno lile halikuwa limetoka kinywani mwangu, hata padri nilimwambia kuni. Nilimwona Chimène ukingoni mwa bwawa, na majivu yake usoni, nikaogopa kwamba nikisema tu atatumbukia majini. Lakini Alhamisi niliiogopa zaidi.

"Déo alikufa," nikasema. "Alikufa akicheza."

Chimène hakutumbukia. Papa Pitchou alipiga simu palepale na upasuaji ukaahirishwa. Walimpima upya siku nne, wakakuta ugonjwa wa pili, wa mapigo ya moyo, ambao dawa ya usingizi ingeuchokoza. Daktari alisema Alhamisi ile angebaki mezani bila kuamka. Wakampasua wiki mbili baadaye, wakijua la kufanya. Vasanthi naye, alipoelezwa, alirudi kwenye foleni ya hekaluni na kuniletea kikaratasi cha pili.

Hapa Kasongo kuna wanaosema nimerudi na uchawi wa Wahindi. Waseme. Nilienda makaburini na Chimène, naye akapanda kilima chote kwa miguu yake bila kupumzika. Nilitaka aningoje barabarani, akakataa. Basi nikamwambia tunamwekea Déo fungu lake mpaka atakaporudi na kuni.

Alikichukua kikaratasi mkononi mwangu, akapiga magoti, akamwaga majivu yote juu ya kaburi.

"Mama, najua tangu zamani kama alikufa," akasema. "Nilikuwa naogopa nikisema, na weye utaenda kutafuta kuni."