Wenye Jina la Kalenga

…kwa sababu kama ni Kalenga yule, Kalenga wa Bukama kwao Mbayo, basi uchumba umekufa leo hii, bukari ikiwa bado motoni, Adolphine alijisemea akizungusha mwiko, na huko sebuleni, nyuma ya pazia, mjomba wa Mbayo alikuwa bado analia, mzee mzima, Tata Kisimba, aliyevaa koti lake la kanisani kuja kumposea mpwa wake, na swali lenyewe lilikuwa la adabu tu, swali ambalo kila mposaji huuliza, "Benye nyumba, beko ba Kalenga ya wapi?", basi baba akajibu kwamba marehemu mzee wake alikuja na kazi ya reli, akifuata njia ya Tenke, na hapo hapo Tata Kisimba akashika kichwa, "Kalenga yetu! Ndugu ya nkambo yetu! Aliendaka kwa reli, hatukumuona tena, kumbe alizalaka huku Kolwezi, leo tumemupata!", na akina mama waliokuja nao wakapiga vigelegele… ee Mungu wangu, vigelegele, watu wamefunga safari kutafuta mke wanashangilia kupata dada, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ndugu hawaoani, labda Mbayo peke yake, mwanamume anayepakia malori ya Sandoa na kila akirudi kutoka huko ana karanga za kumletea, eti zimebaki, eti zilidondoka guniani, karanga gani hizo zinazodondoka kila safari mpaka kwenye kitambaa zikajifunga fundo, mwongo yule, jinsi anavyompenda mwongo yule… zungusha, Adolphine, inashika chini.

Na yeye anajua. Hiyo ndiyo shida, kwamba katika nyumba nzima ni yeye tu anayejua, maana nkambo alimwambia yeye, babu yake, aliyemwita muke wangu tangu hajaota meno, kama mababu wote wanavyowaita wajukuu wao, muke wangu leta tumbako, muke wangu leo haukunipikia kitu, na yeye akijibu, wee mume gani, hata kitenge haujaninunulia, wakacheka, na siku moja alipokuwa anamkata kucha za miguu mzee akasema, polepole, kama mtu anayesimulia habari za jirani, "Muke wangu, mi haiko Kalenga. Mi Tshinyama, Muchokwe, kwetu ni ngambo ya Dilolo," akaeleza jinsi alivyofika Tenke kijana, ana njaa, hana kazi, akalala kambini karibu na Muluba mmoja aliyekuwa anakohoa na kuwaza kwao, na asubuhi Muluba yule hayupo, amekimbia, ameacha blanketi, na kapita, msimamizi wa kazi, anaita watu kwa majina, Kalenga, kimya, Kalenga!, na tumbo la nkambo ndilo lililoitika, "Niliitikaka mara moja tu, muke wangu, kiisha nikaitika mupaka leo"… na alicheka, akamsogezea mguu wa pili.

Sasa amwambieje baba? Baba ambaye serikali iliposema watu waache majina ya kizungu alipiga viatu rangi, akaenda kumuacha Louis, jina lake la ubatizo, kule komini ofisini, akarudi anatembea katikati ya barabara, "Kalenga! Jina ya tata yangu! Jina ya Baluba!", na tangu siku ile anajifunza methali za Kiluba kwa jirani, anazikosea zote, jirani anajikaza asicheke, masikini baba yangu, utamvuaje mtu shati analolipenda hivi mbele ya wageni… nyamaza, Adolphine, nyamaza basi uwe dada yake, na Mbayo akioa mwingine wewe ndiye utakayemtwangia bibi harusi sombe, majani ya muhogo, utaweza? Sitaweza. Sitaweza hata kidogo. Na ukisema, yule mzee anayelia furaha atampoteza ndugu yake mara ya pili, kabla hajafuta macho… "Sasa tata," sauti ya Kisimba, "muzee alisemaka kijiji yake gani?" na baba anakohoa, anakohoa tena, "Bon… muzee hakuniambiaka mingi. Mwenye kujua ni muke yake." "Kumbe muke yake iko muzima?" "Eko pale nyuma, anapika. Akileta chakula mutamuuliza," na nyumba nzima ikaangua kicheko, ila baba hakucheka, angemsikia, baba akicheka husikika mpaka mtaa wa pili, kwa hiyo baba hatanii… anaogopa, au anajua kuna kitu, amenisukumia mimi.

Mwiko ukasimama. Nkambo, umeniacha na nini? Na ndipo kucha zile zikamrudia, mguu ule, maneno yaliyofuata ambayo siku ile aliyaona ya uzee tu, "Benyewe bakikuja, ubaambie nilichunga jina yao muzuri. Sikuiba nayo. Sikupiga mutu nayo. Nililisha batoto nayo"… benyewe! Wamekuja, nkambo, wako sebuleni, wanangoja bukari! Na baba atanyang'anywa nini basi, yeye ni mtoto wa aliyeitika kila asubuhi mpaka mgongo ukapinda, ni Kalenga zaidi ya aliyekimbia, nitamwambia hivyo hivyo, nitapiga magoti mbele yake kwanza, kabla ya wageni, nimshike mikono, na Tata Kisimba nitamwambia ndugu yake alikuwa anakohoa na anakumbuka kwao, angalau apate hilo la kulilia, hajapata hata hilo miaka yote hii, na kiisha… alijikuta anatabasamu peke yake mbele ya mbabula, makala yanamchoma magoti, machozi na tabasamu pamoja, wazimu huu… "Adolphine! Bageni banamungoja muke ya muzee!"

"Anakuja, tata," akajibu, na hakuitambua sauti yake, ilivyotulia, na bado hajasogea, bado anasonga, atasema, ndiyo, atasema yote, na kama watamkubali mjukuu wa Tshinyama, mtoto wake wa kwanza wa kiume na Mbayo ataitwa Kalenga, na safari hii wenyewe ndio watakaokuwa wamelitoa jina lao.