Kidosho na Mbwa Wake

Kwenye picha, mbwa alikuwa akiwatazama kondoo na msichana, Una Corrigan, akimtazama mbwa. Hakuna aliyetabasamu. Chini yake mhariri, Bwana Pascoe, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Flick, mwana wa Moss na Nell, bingwa wa kuchunga mwaka huu, pamoja na kidosho wa bonde letu mwenye tabasamu la asali.”

Merle Tregear alisoma akiwa amesimama, chai ikipoa mkononi. Yeye ndiye aliyeandika ukurasa wa wanawake katika gazeti hilo la mji wa sufu, na maneno ya namna hiyo aliyajua kama mpishi anavyoijua chumvi. Mrembo hasa aliitwa kidosho. Aliyependeza kiasi, kimwana. Ambaye sura haikumsaidia aliitwa binti mchangamfu, na mji mzima ulielewa. Majina yao yalingoja arusi, nayo yakifika yalikuwa ya mume.

Lakini Jumamosi, kule uwanjani kwenye mashindano ya mbwa wa kuchunga, Una alikuwa amemshika mkono, vumbi limemganda usoni.

“Andika jina langu tu, Merle. Baba yuko hospitali Sydney na mguu uliovunjika, anataka kumuuzia jirani shamba na kondoo, na Flick pia. Anasema msichana hawezi. Nikimwambia nimeshinda, atasema nilisaidiwa. Ila gazeti lenu wanampelekea, na analiamini kuliko padri.”

Basi Merle akaingia kwa mhariri.

“Jina la mbwa lipo, Bwana Pascoe. La wazazi wake pia. La Una halipo.”

Mzee akacheka. “Wafugaji watauliza ukoo wa mbwa. Nani atauliza ukoo wa kidosho?”

“Baba yake.”

“Si anamjua mwanawe?”

“Hamjui. Ndiyo shida yenyewe.”

“Sasa mbona unanijia juu, binti? Hilo tabasamu la asali nimeliokota kwako. Uliliandika Krismasi, la yule msichana wa duka la mikate.”

Merle alimkumbuka yule msichana vizuri, unga kwenye nyusi, kicheko chake. Mikate yake alikuwa anaila kila siku. Jina lake alilitafuta kichwani, hakulipata. Kumbe hakuwahi kumuuliza.

Akashuka chini kwenye mitambo ya kuchapia. Clem, mpanga herufi, alikuwa anafuta mikono.

“Toa huo mstari wa chini ya picha, Clem.”

“Bosi kaupitisha, mama. Nitafukuzwa.”

“Sema ni mimi. Akifukuza, anifukuze mimi.”

Clem akavuta kiti. Merle akamtajia polepole: Una Corrigan, aliyemwongoza Flick na kuwaingiza kondoo wote zizini bila kupaza sauti.

“Na tabasamu?”

“Hakutabasamu. Tazama picha.”

Gazeti lilipotoka, Bwana Pascoe alipita mezani pa Merle bila salamu, akabamiza mlango wake. Neno la kufukuzwa halikuja siku hiyo, wala la kusamehewa.

Mwisho wa juma Merle alikwenda kwa akina Corrigan na mkate alioununua kwa Dulcie. Ndilo jina la yule msichana wa duka la mikate, Dulcie Frame. Kabla hawajaukata mkate, simu ikalia. Una akaipokea, kisha akaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

“Ni baba. Anauliza kondoo wa mtoni nitawahamisha lini.”

“Na shamba je?”

“Hajasema.”

Flick akainuka chini ya meza, masikio juu. Una akaondoa kiganja, akasimama wima kama kwenye picha.

“Bado, baba,” alisema. “Nyasi za juu ni fupi. Nangoja mvua.”

Kisha akaendelea kusikiliza, maana ilikuwa mara ya kwanza baba kumwachia yeye kuamua habari za kondoo.